Taa Asiyoiona Mwenyewe

Taa ya mbele ikiungua, dereva anajua papo hapo. Njia inapotea, anapunguza mwendo, anasimama na kutafuta balbu, hata ya kukopa. Ya nyuma ikiungua hajui lolote. Anaendelea na safari yake, mzigo umetulia, mwanga wa mbele ni mzuri, na mgongoni mwake kuna giza linalotembea. Barabara zetu za usiku zimejaa vyombo vya namna hii: pikipiki, guta, matela ya trekta, pawatila zinazorudi kutoka mashamba ya mpunga. Watu husema ni umaskini, au ni ulegevu wa kusimamia sheria, na yote mawili yana ukweli wake. Lakini pikipiki ile ile isiyo na taa ya nyuma utaikuta ina redio, ina vitaa vya rangi kwenye usukani, na ina honi yenye mlio wa basi. Fedha ilikuwepo na waya ulikuwepo. Kilichokosekana ni kumfikiria anayekuja nyuma, kwa kuwa taa ya nyuma, ukiitazama vizuri, si ya mwenye chombo. Anainunua yeye, anaifunga yeye, umeme unatoka kwenye injini yake, na anayeitumia ni mtu asiyemjua.

Wazo hili nilikuwa nalo muda mrefu, ila lilipata uzito pale Njombe, katika kazi ndogo ya kufunga taa kwenye tela la kwodi.

Kwodi ni ile pikipiki ya magurudumu manne yenye matairi mapana. Shemeji yangu anafuga ng'ombe wa maziwa kwenye vilima vya nje ya mji, na mashine hiyo ilimfikia ikiwa imeshatumika. Inavuta tela dogo la magurudumu mawili, lililochomelewa na mafundi wa hapo hapo. Kila alfajiri keni za maziwa hupakiwa zizini, tela hushuka njia ya udongo likisimama hapa na pale kuchukua keni za majirani, kisha huingia kwenye lami kwa mwendo mfupi hadi kituo cha kukusanyia maziwa. Maziwa hayangoji jua. Na wanaoijua Njombe wanaijua alfajiri yake ya Juni na Julai: mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, baridi inauma vidole, na ukungu unalala juu ya barabara hata jua likiwa limeshapanda. Barabara yenyewe ni ile ya Makambako kwenda Songea. Inabeba malori ya mbao, ya viazi, ya parachichi, na yale ya makaa ya mawe yanayotoka machimbo ya Ngaka. Tela lilikuwa halina taa hata moja.

Si ajabu kwamba halikuwa nazo, wala kwamba kwodi yenyewe haikuwa na indiketa. Ukoo wa mashine hizi ulianza na michezo. Mwaka 1970 Honda walitoa ya magurudumu matatu, ya kukimbilia kwenye mchanga na theluji, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 Suzuki wakaleta ya magurudumu manne. Ile ya matatu ilipinduka mno na kuumiza watu, watoto wengi wakiwamo, hata ikaacha kuuzwa Marekani mwaka 1988. Ya manne ikabaki, na wakulima wakaichukua: wafuga kondoo wa New Zealand, wa Wales, wa Australia. Wakaigeuza punda wao wa kazi. Lakini mchoro wake uliendelea kuwa wa mashine inayokimbia peke yake shambani, mahali ambapo hakuna anayekuja nyuma. Ukiitoa shambani na kuiingiza barabarani usiku, unaipa wajibu ambao walioichora hawakuufikiria. Wajibu huo unaangukia kwa fundi wa waya.

Fundi wetu alikuwa kijana wa umeme wa pikipiki, mtu wa maneno machache. Alisalimu, "Shikamoo mzee," akavua koti, akalala chini ya kwodi kabla hata chai haijafika. Alipotoka alisema, "Kwanza tujue mashine hii ina umeme kiasi gani. Tusiipe mzigo isiouweza." Nilipenda kwamba alianzia hapo. Mafundi wengi huanzia kwenye taa.

Umeme wa kwodi unazaliwa ndani ya injini, pale ambapo sumaku huzunguka pamoja na injini zikipita karibu na koili za waya wa shaba zisizosogea. Kanuni hii Michael Faraday aliionyesha London mwaka 1831, na haijabadilika: sumaku ikisogea mbele ya koili, umeme hutembea ndani ya koili. Umeme huo hupanda na kushuka kadiri injini inavyozunguka, tena hugeuza mwelekeo kila mara, kwa hiyo hupitishwa kwenye rektifaya, ambayo huunyoosha na kuushikilia kwenye volti 14 na ushee kabla haujaingia kwenye betri. Kwodi nyingi za kazi huweza kutoa wati mia mbili, tatu hivi, injini ikiwa imechangamka. Taa zake za mbele zinachukua sehemu nzuri ya hizo, mfumo wa kuwasha injini unachukua zake, na ikiwa ina feni ya kupoza maji, nayo ina sehemu yake. Kwodi ikiwa imesimama, injini inanguruma polepole, uzalishaji huanguka sana, na kinachopungua kinatolewa na betri, ambayo kwenye mashine hizi ni ndogo, ya ampea-saa 12 hivi.

Kuna jambo moja kuhusu rektifaya ambalo limekaa kichwani mwangu tangu siku ile. Katika pikipiki na kwodi nyingi za aina hii, rektifaya haizuii koili zisifanye kazi wakati umeme hauhitajiki. Injini ikikimbia, koili hujaa umeme, watumiaji wawepo au wasiwepo. Betri ikishashiba, rektifaya huziunganisha ncha za koili zenyewe kwa zenyewe, na mkondo ukazunguka humo humo na kurudi ulikotoka. Ndiyo maana ina mapezi ya aluminiamu na huwa ya moto kiasi cha kuunguza kidole. Kwa maneno mengine, kwodi iliyo kwenye mwendo ina mkondo unaozunguka tumboni mwake bila kumwangazia mtu yeyote, huku tela lake likisafiri gizani. Na hata pale taa zinapoitwa zifanye kazi, mzigo wake kwa injini ni kitu kidogo sana. Injini hizi hufikia kilowati 15 au 20. Taa zote za tela zikiwaka pamoja hazifiki hata sehemu moja katika mia ya nguvu hiyo. Kwenye petroli ya mwezi hutaona tofauti. Anayekuja nyuma hamnyang'anyi mwenye kwodi chochote cha maana.

Pamoja na hayo, hesabu lazima ifanywe, kwa sababu kuna zile dakika za kusimama. Tela la kawaida lina taa mbili za pakingi za wati 5 kila moja, taa ya namba ya wati 5, taa mbili za breki za wati 21, na indiketa za wati 21 kila upande. Dereva akikanyaga breki usiku huku akionyesha anakata kushoto, zinazowaka kwa wakati mmoja ni wati 78. Gawanya kwa volti 12, unapata ampea 6 na nusu. Kwa gari ni kitu kidogo. Kwa kwodi iliyosimama kandokando ya njia, injini inanguruma polepole, keni zinapakiwa, ni mzigo wa kuangalia, na ukirudiwa kila alfajiri betri itaanza kulalamika.

Kisha kuna waya. Hapa ndipo kazi nyingi za mitaani huharibika bila mtu kujua. Waya mwembamba unaouzwa kwa mita madukani, ule wa milimita nusu ya mraba, unavutia kwa bei na kwa wepesi wa kuupitisha. Lakini waya nao unakula umeme. Chukua taa mbili za breki peke yake: ampea 3 na nusu. Kutoka kwenye betri hadi mwisho wa tela ni kama mita tano, na umeme unapaswa kurudi, kwa hiyo ni mita kumi za shaba. Katika waya ule mwembamba, zaidi ya volti moja hupotea njiani. Volti moja katika kumi na mbili unaweza kuidharau, ila balbu ya uzi haipungui kwa uwiano huo. Mwanga wake huporomoka haraka kuliko volti zake. Kwa upotevu huo balbu inapoteza karibu theluthi moja ya mwanga, na taa nyingine zikirudisha umeme wao kwenye waya huo huo, hali inakuwa mbaya zaidi. Ukisimama karibu na tela mchana ukaangalia, utasema zinawaka, kazi imekwisha. Anayezihitaji yuko mita mia nyuma, ndani ya ukungu, na kioo chake kina matone. Fundi wetu alidai waya wa milimita moja na nusu, na shemeji alipouliza kama kuna haja ya gharama hiyo, alijibu tu, "Baba, waya mwembamba unawasha taa kwa ajili yetu. Wa nyuma hatutamwashia kitu."

Taa za LED hupunguza taabu hii kwa kiasi kikubwa. Tela zima la LED kwa kawaida hutumia wati kumi au kumi na tano, betri haisumbuki, na hakuna uzi wa kukatika kwa mtikisiko wa njia mbovu. Kuna faida nyingine isiyotajwa sana. Uzi wa balbu unapaswa kupata moto kwanza ndipo utoe mwanga, na hilo huchukua kama sehemu moja ya tano ya sekunde. LED huwaka mara moja. Lori linalokwenda kilomita 80 kwa saa hutembea mita 22 kila sekunde, kwa hiyo ule ucheleweshaji mdogo wa uzi ni zaidi ya mita nne za barabara ambazo dereva wa nyuma hajapewa habari. Mita nne ni tela zima. Sisemi hivyo kuzipamba LED zote: zipo za bei ya chini zinazouzwa zikiwa hazijazibwa, zinaingia maji mvua ya kwanza na kufa nusu nusu. Lakini zilizozibwa vizuri ndizo zinazoifaa kwodi, na ndizo tulizofunga.

Sasa nije kwenye waya wa kurudi, ule ambao mafundi huuita ethi, kwa sababu kama kuna jambo moja ningependa kila mwenye tela alijue, ni hili. Umeme hauendi kwenye taa ukabaki huko. Lazima urudi betrini. Katika gari, bodi yote ya chuma ndiyo njia ya kurudi, na wengi hudhani tela nalo litarudisha umeme kupitia chuma chake na ile sehemu ya kufungia kwenye kwodi. Inafanya kazi siku ya kwanza, chuma kikiwa kipya. Baadaye pale pa kufungia panaingia grisi, kutu na vumbi, tela linarukaruka, na chuma kinagusana na kuachana mara nyingi kwa kila mita. Ukisafiri usiku nyuma ya tela la namna hiyo unaona taa zinapepesa. Ikitokea vyuma vikaachana kabisa, umeme hautulii. Unatafuta njia nyingine. Utatoka kwenye waya wa breki, utaingia kwenye uzi mnene wa balbu, utakosa mlango wa kutokea, utarudi kupitia uzi mwembamba wa taa ya pakingi iliyo jirani, ushike waya wake mpaka kwenye kwodi, na kufika nyumbani kwa kupitia taa za watu wengine. Ndipo unapoona maajabu: dereva anakanyaga breki na pakingi zinafifia, anawasha indiketa ya kulia na ya kushoto inawaka kwa mbali. Watu hucheka, husema tela limerogwa. Hakuna uchawi. Ni umeme usio na njia ya kurudi.

Anayefuata nyuma anasoma nini katika hali hiyo? Anasoma uongo. Anaambiwa "nakata kushoto" na mtu anayesimama. Taa isiyowaka humwacha na macho yake mwenyewe. Taa inayodanganya inamwondolea hata hayo, kwa sababu ameiamini. Ndiyo maana naona waya wa ethi unastahili heshima kuliko nyaya zote. Ni waya usiowasha kitu na hakuna anayeufikiria taa zinapowaka. Fundi aliupitisha peke yake kutoka kwenye betri hadi kwenye kila taa, waya mweupe, mnene kuliko wenzake kwa kuwa unabeba mizigo ya wote, na pale ulipofungwa kwenye chasisi alikwangua rangi mpaka chuma kikang'aa, akakaza kwa bolti, kisha akapaka grisi juu yake maji yasiingie.

Mengine naweza kuyapita upesi. Fyuzi inakaa karibu kabisa na betri, kwa sababu waya wowote ulio kabla ya fyuzi hauna mlinzi, na kwodi ina petroli kati ya magoti ya mpandaji. Taa za tela hazichukui umeme wake kwenye swichi ya breki ya kwodi, ambayo ni kitu chembamba. Waya ule wa breki huiamsha relei tu, na relei ndiyo inayofungua njia pana kutoka betrini. Namba zilizochapwa chini ya relei, 30, 85, 86 na 87, ni zile zile kwa watengenezaji wengi, kiasi kwamba fundi wa Njombe na fundi wa Hamburg wangeifunga bila kuulizana. Viungo tulivibana kwa koleo la kubania, hatukuvisokota na kuvivisha tepu, kwa maana tepu hulainika kwa joto na kufunguka, na maji yakishaingia, shaba huota ukijani unaopanda ndani ya waya kimya kimya. Nyaya ziliachiwa ulegevu wa kutosha pale kwodi inapopinda kona, lakini si kiasi cha kuburuta chini.

Plagi ya miguu saba inayounganisha tela na kwodi ilinifurahisha kuliko nilivyotarajia. Mpangilio wake umekubaliwa kimataifa zamani: njano ni indiketa ya kushoto, kijani ya kulia, nyeupe ni ethi, nyekundu ni breki, nyeusi na kahawia ni pakingi za kushoto na kulia, bluu ni taa ya ukungu. Wamarekani wana plagi yao ya waya nne, ambayo breki na indiketa zinapita waya mmoja, lakini hata wao njano ni kushoto, kijani ni kulia na nyeupe ni ethi. Nchi yetu inapokea mitumba ya magari na matela kutoka kila upande wa dunia. Fundi akifuata rangi hizi, basi tela la shemeji linaweza kuvutwa kesho na gari la jirani, na kwodi ikaharibika bila maziwa kuharibika. Asipozifuata, akaunganisha waya wowote uliokuwa karibu na mkono, kazi yake inaeleweka na yeye peke yake, na siku akihama mji tela linakuwa kitendawili. Nimeona nyaya za namna hiyo, zote nyekundu kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa sababu nyekundu ndiyo iliyokuwa dukani. Fundi anayekuja baadaye naye ni mtu wa nyuma, na anafaa kuachiwa taa.

Kuhusu rangi ya taa zenyewe, nimesikia mara nyingi ikielezwa kwamba nyekundu ilichaguliwa kwa sababu inapenya ukungu. Katika hewa safi au yenye moshi mwembamba kuna chembe ya ukweli, kwa kuwa mawimbi marefu ya mwanga hutawanywa kidogo na vitu vidogo sana. Lakini matone ya ukungu wa Njombe ni makubwa mno kwa mchezo huo. Yanatawanya nyekundu, njano na nyeupe karibu sawasawa. Kinachomwokoa mtu katika ukungu ni nguvu ya taa na usafi wa kioo chake. Wekundu una kazi nyingine: ni mapatano. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani uliandika kile ambacho nchi nyingi zilikuwa zinakifanya, kwamba mbele ya chombo kuwe na nyeupe au njano, na nyuma kuwe na nyekundu. Kwa hiyo dereva anayeona nukta mbili nyekundu kwenye giza anajua, kabla hajaona umbo la kitu, kwamba anatazama mgongo, kwamba kiko upande wake wa barabara, na kwamba anakikaribia. Habari zote hizo ziko katika rangi. Hii ndiyo sababu inaniuma kuona pikipiki na matela yaliyofungwa vitaa vyeupe au vya bluu nyuma kwa urembo. Mwenye chombo anadhani ameweka taa. Aliyeko nyuma anadhani kuna chombo kinachokuja kukutana naye.

Na tufikirie dakika yenyewe. Lori lenye mzigo linashuka kilomita 80 kwa saa, tela la maziwa limesimama ukingoni, nusu juu ya lami. Dereva mzima, asiye na usingizi, huhitaji kama sekunde moja na nusu kuona, kuelewa na kukanyaga breki. Katika muda huo lori limekwenda mita 33. Kusimama kwenyewe kunaweza kula mita 50 nyingine, na zaidi kama lami imelowa. Jumla ni mita 80 na kitu. Taa za chini za lori hilo haziwezi kumwonyesha kitu cheusi kilichofunikwa tope kwa umbali huo. Anapokiona, ameshachelewa, hata awe dereva bora wa barabara yote. Taa ya pakingi ya wati 5, usiku usio na ukungu, huonekana mita mia tatu na zaidi. Tofauti kati ya hayo mawili ni balbu moja na nyaya mbili. Ajali za namna hii zikitokea, tunazoea kumlaumu wa nyuma kwa mwendo kasi, na mara nyingi anastahili lawama. Lakini kuna usiku ambao mwendo halali kabisa haumwokoi, kwa sababu hakuambiwa.

Watu wetu wanalijua jambo hili kuliko tunavyowadhania. Lori likikatika ekseli katikati ya pori, utingo hukimbia kukata matawi na kuyatandaza nyuma, kwa mafungu, mbali kadiri anavyoweza. Hakuna aliyemfundisha darasani, na pembetatu ya kiwandani mara nyingi hana. Kila dereva anayepita, wa basi au wa bodaboda, akiona majani mabichi kwenye lami anapunguza mwendo. Huo ni wema kwa mtu asiyejulikana, unaofanywa na kijana aliyechoka, usiku, katika nchi ngeni kwake. Kwa hiyo siwezi kukubali hoja kwamba sisi hatumjali anayekuja nyuma. Tunamjali tukiwa tumeharibikiwa. Tukiwa tunatembea, tunamsahau.

Vibandiko vya kuakisi mwanga navyo tulivipiga kwenye pande zote za tela, na ningemshauri yeyote avipige leo, hata kama taa zitakuja mwakani. Havihitaji waya wala betri. Ila vinaishi kwa mwanga wa mwingine: lori la nyuma likiwa na taa hafifu, au kibandiko kikiwa kimefunikwa na udongo mwekundu wa huko, hakisemi kitu. Vinasaidiana na taa, haviwezi kuwa badala yake.

Kazi ilipokwisha, shemeji alipanda kwodi na kuanza kubonyeza swichi, akigeuza shingo kujaribu kuona. Haiwezekani. Keni zinaziba, bodi ya tela inaziba. Fundi alimwita binti wa nyumbani asimame nyuma, naye akawa anapaza sauti: "Breki! Kushoto! Kulia! Pakingi zote mbili!" Tangu hapo ndivyo wanavyofanya kabla ya kuondoka, na sioni njia nyingine. Kwa taa hizi kila dereva, hata awe hodari namna gani, anamhitaji mtu wa kusimama mahali pa mgeni na kumwambia kinachoonekana.

Kilichobaki ni pawatila za bondeni. Tangu mpango wa Kilimo Kwanza wa mwaka 2009 matrekta haya ya mkono yameenea sana nchini, na katika mashamba ya mpunga ya Usangu na Kilombero ndiyo yanayovuta mavuno nyumbani, mara nyingi usiku. Mengi hayana betri. Taa yake ya mbele inalishwa moja kwa moja na jenereta ndogo, inafifia kila injini inapopunguza kasi, na ukiitwika na taa za tela hakuna itakayowaka sawasawa. Kwa hayo, nadhani dawa ni kuliachia tela umeme wake lenyewe: betri ndogo iliyozibwa, paneli ya sola ya ukubwa wa daftari juu ya bodi, taa mbili nyekundu za LED na swichi moja. Hakuna plagi ya kukatika wala relei. Mafundi wa kuchomelea nao wangeisaidia kazi hii tangu mwanzo, kwa kuchoma vibati viwili nyuma ya chasisi vya kushikia taa, na bomba jembamba la kupitishia waya chini ya sakafu, kabla rangi haijapakwa. Vipande vya chuma vya kutosha vimelala sakafuni mwa karakana zao, na tela likishatoka bila vibati hivyo, mwenye nalo hatalirudisha.